Mkono wa Safu ya Mwisho

Jumatatu, 3 Machi

Mjukuu wangu hana adabu, na leo nimemwambia hivyo hivyo mbele ya watu wake wa maigizo. Kachukua kiti changu cha kuegemea. Kachukua mtandio wangu. Kachukua hata maneno yangu ya kugombeza. Vyote kaviingiza kwenye mchezo wake wa jukwaani, halafu nafasi yenyewe kampa jirani, Fundi Cherehani!

Mchezo wenyewe ni huu. Mwanasayansi kafiwa na mama yake. Badala ya kulia kama watu, anaunda mashine yenye sura ya marehemu. Mashine inasema, inafoka, inadai ni mama mtu. Anakuja mwanafalsafa, wanabishana: hiki ni kitu au ni mtu? Mwishoni mwanasayansi anaizima. Sasa huyo mama anafaa kuwa nani, kama si mwenye kiti?

Mjukuu akasema mashine inakaa kimya kitambo kirefu kabla ya kufungua mdomo, na mimi kukaa kimya sikuumbiwa. Nikamjibu nimekaa kimya mara nyingi, ila yeye hakuwepo.

Basi nimepewa kazi. Nikae safu ya mwisho ya ukumbi. Nisipomsikia mtu, ninyooshe mkono, wote wasimame, arudie kwa sauti. Kazi ya mlingoti wa bendera. Nimekubali. Aliyenipa mkono huu kuunyoosha atajuta.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi. Kinyozi ndiye mwanafalsafa, maana kuongea bila kuombwa ndiyo kazi yake. Muuza Dawa ndiye mwanasayansi. Muuza Dawa kasema mtu ni maji, chumvi na umeme kidogo. Hata mchuzi basi, uweke karibu na nyaya. Kinyozi kasema mtu ni kiumbe anayejiuliza yeye ni nani. Mimi sijawahi kujiuliza. Aliyetaka kujua aliniuliza, akajibiwa.

Fundi Cherehani akafungua mdomo. Nikanyoosha mkono. Akarudia. Nikanyoosha. Akapandisha sauti. Nikaweka kiganja sikioni, nikatikisa kichwa kwa huruma. Akasema, mwenzangu, mbona asubuhi ulinisikia nikimnong'onezea mzee wangu habari zako? Nikamwambia yale niliyaona usoni mwake.

Mjukuu kaniangalia kwa jicho la pembeni. Ila sheria aliitunga mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Nisiandike uongo: kusoma nasoma, lakini maneno marefu hunichosha. Sikio langu halikwenda shule na halisahau. Jiko langu na la Fundi yanagawana ukuta, na huyo hujifunza maneno yake huku akipika. Nimeketi upande wangu na bakuli la kuchambua mchele, nimemeza kila kitu.

Mengi ni porojo. Ila ipo sehemu moja imenigusa. Mwanasayansi ameshika swichi, mashine inamsihi. Inasema: nina kumbukumbu zote za mama yako, naujua wimbo aliokubembelezea, niambie mwanangu, kwa nini mimi si mama? Hapo inageuza sauti ghafla, inasema: mzee, maziwa yanafurika, punguza moto! Kisha inarudi: nami nikizimwa, nani atakukumbuka ulivyokuwa mdogo?

Nikaweka bakuli chini. Hayo maziwa ndiyo neno pekee la maana katika mchezo mzima. Sikujua mjukuu wangu ana akili hivyo. Lazima kazitoa kwangu.

Ukumbini hatujawahi kufika kwenye maziwa. Mkono wangu huwakatiza mapema.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi kapiga kelele leo mpaka njiwa wakaruka kutoka darini. Nikanyoosha mkono.

Mjukuu kanivuta kando. Kasema Jumamosi atakuja mgeni kutoka chuoni. Akipendezwa, mchezo unapelekwa jumba kubwa la maonyesho. Asipopendezwa, yeye anarudi kuuza vocha na hataandika tena. Macho yake yalikuwa mekundu. Kaniuliza kweli sisikii?

Nikamwambia sauti ya Fundi haifiki, mjukuu wangu, nakuonea huruma tu. Uso haukunicheza. Kumbe ningekuwa mashine nzuri sana.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi Cherehani hana sauti. Imekwisha kabisa. Anatoa upepo tu, kama mlango usiofunga vizuri. Mzee wake, yaani mumewe, dereva mstaafu, kamfunga skafu shingoni na haniamkii.

Mjukuu kalia. Nimesubiri amalize, si haraka, kisha nikayasema maneno yote ya mwanzo ya mashine bila kukosea. Kanitazama kama aliyeona kiti kikisimama. Kauliza nimeyajulia wapi. Nikasema damu.

Jumamosi, 8 Machi

Alasiri. Ukumbi umejaa. Mgeni wa chuoni mbele, miwani puani. Mimi kwenye kiti changu, mtandio wangu, karatasi za kung'aa za mashine kifuani. Nimekaa kimya kitambo kile chote. Kinyozi alisema upuuzi mwingi na nikamwacha.

Tukafika kwenye swichi. Muuza Dawa mkono juu yake. Nikaanza kumsihi, watu wakatulia. Nikafika: kwa nini mimi si mama? Nikageuza sauti kama ilivyo, kwa nguvu zote: mzee, maziwa yanafurika, punguza moto!

Kutoka katikati ya watu mzee wa Fundi akaruka wima akaitika, nimeshapunguza, mke wangu!

Ukumbi ukapasuka. Muuza Dawa alicheka hadi akakaa sakafuni, swichi hakuigusa tena. Kinyozi alisahau maneno yake, akasema, sasa wewe uzime mtu mwenye maziwa jikoni? Pazia likafungwa lenyewe, au mjukuu alilivuta. Nilimkuta nyuma kajifunika uso. Kauliza, Bibi, maziwa yametoka wapi? Ndipo nilipojua hakuyaandika.

Mgeni akapanda jukwaani anajifuta machozi. Kasema ameona michezo mingi ya mashine, hakuna iliyoomba uhai huku roho iko kwenye jiko. Hapo, kasema, ndipo ilipokuwa mtu. Mchezo utakwenda jumba kubwa. Akauliza, maneno hayo ya maziwa ni ya nani?

Nikavuta pumzi nijibu. Mzee wa Fundi akawahi kumwonyesha mkewe kwa kidole. Wakampandisha na skafu yake. Hata asante hakuweza kusema. Wakampigia makofi yaliyokuwa yangu, na mimi nimesimama pembeni nang'aa kama sufuria mpya.

Jumapili, 9 Machi

Mjukuu amefurahi, ameimba tangu asubuhi. Hilo nimelifanya mimi, ingawa halisemwi. Jumba kubwa, mashine itakuwa Fundi, sauti ikirudi. Mzee wake atalipiwa kiti cha mbele ili aitike. Mimi nimerudishwa safu ya mwisho, kwa sharti niikalie mikono yangu yote miwili.

Nimekubali. Kuhusu kikohozi hawajasema lolote.

Kinyozi kapita kunisalimu. Kauliza, Bibi, katika haya yote umejifunza nini? Nimemwambia nimejifunza kwamba ukuta ule ni mwembamba kuliko nilivyodhani, na kwamba nafasi ya mwanafalsafa nayo haina maneno ya kunishinda.

Wewe mjukuu, acha kuimba. Nirudishie kiti changu leo hii. Usikiweke sebuleni. Kiweke jikoni, mgongo kwenye ukuta wa Fundi, uniletee na bakuli la mchele.