Shuka la Maua la Mahrukh

Jumatatu, 16 Desemba

Harusi ya mpwa wangu Mahrukh ni Jumamosi. Baba yake hayupo duniani, kwa hiyo maua na rangi nimekabidhiwa mimi, mjomba. Nani mwingine? Lahore nzima, nani amefanya kazi miaka mitatu katika hoteli ya Sharja? (Jikoni, ndiyo. Lakini mlango wa jikoni ulitazamana na ukumbi.) Nimeshaamua: harusi ya theluji. Kila kitu cheupe. Lahore hapaanguki theluji. Hapo ndipo penye utamu.

Shangazi yake, Tasneem, kasema nikiboronga, mumewe ndiye atakayemshikia Mahrukh msahafu juu ya kichwa akiiaga nyumba yetu. Mumewe! Mtu anayesinzia kasimama. Nafasi hiyo ni yangu tangu mtoto alipofiwa.

Jumanne, 17 Desemba

Mahrukh mwenyewe anataka kitu kimoja tu: shuka la maua, lile binamu zake watakalolishika ncha nne juu yake akiingia kwenye sherehe ya hina. La njano, akasema kwa upole. Nikamwambia njano ni rangi ya wali wa zafarani. Tasneem akadakia kwamba nyeupe ni rangi ya sanda. Ushamba ni maradhi.

Jumatano, 18 Desemba

Ukungu! Nilikuwa naelekea soko kuu la maua, dereva wa riksho akagoma njiani, eti haoni hata pua yake. Pua ile! Tukakwama mbele ya jengo la kaburi la walii. Kumbe mlangoni pana muuza maua. Mwenye bahati habahatishi.

Nikaagiza shuka la maua, jeupe, la heshima. Akauliza urefu wa mwenyewe. Fundi huyo! Wengine hawaulizi. Futi tano na inchi nne, nikasema. Akauliza jina, aliandike kwa waridi jekundu. Akauliza umri. Ishirini na sita, tumengoja sana, hatimaye Mungu katusikia. Akanikodolea macho, kisha akanishika mkono, akasema dunia mapito. Nikakubali. Mwanafalsafa.

Ijumaa, 20 Desemba

Sherehe ya hina, alasiri. Shuka limeletwa mbele ya wageni wote. Jeupe pe, jina katikati, linanukia ubani. Nyuma yake muuza maua na wazee watatu wenye juzuu, wakiuliza marehemu kalazwa chumba gani.

Ningejuaje kwamba la bibi harusi na la kaburi yote huitwa shuka la maua? (Kila mtu anajua, anasema Tasneem.) Dada yangu, mama wa bibi harusi, akakaa chini pu. Tasneem akaniambia msahafu nisahau, labda nimshikie jeneza.

Nikatazama viatu vyangu. Mimi!

Mahrukh akaja, hina mbichi hadi viwikoni, akasoma jina lake. Halafu akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mjomba, tumpelekee baba hili," akasema. "Ajue nani kamletea."

Tukaenda makaburini. Shuka likaenea kaburi lake sawasawa. Wazee wakasoma, angalau hawakuja bure. Tukiondoka, Mahrukh akaninong'oneza nisichelewe kesho na msahafu. Nikatokwa na machozi kidogo. Ubani ule ulikuwa mkali.

Tuliporudi, akaingia kwenye hina chini ya mtandio wa njano wa mama yake. Alipendeza, nakiri. Nusu.

Jumapili, 22 Desemba

Jana nilimshikia msahafu. Mume wa Tasneem alisinzia.

Nimetafakari kwa makini na sioni kosa langu liko wapi. Kazi ilisifiwa hata makaburini. Tasneem kaapa kwamba kwenye harusi ya mwanawe, Februari, sitagusa hata jani. Maskini. Bwana harusi nimeshamshawishi: maua ya plastiki, rangi ya zambarau, na mashine ya kutoa moshi. Ukungu wa Lahore hautoshi.