Bibi wa Kisimani Alivyokemewa Githongo

Leo nimeaibika, tena mbele ya watu waliofumba macho.

Mnanijua, miguu yangu haitulii. Nimezunguka nchi hii tangu nimalize kidato cha nne. Lakini mke wangu, Mama Kendi, hajawahi kuona bahari. Nilimwahidi tukiwa wachumba (nywele zangu zilikuwepo zote). Hatimaye wiki ijayo tunaenda Lamu.

Kosa langu ni kununua riwaya mjini Meru. Hadithi yenyewe inatokea Lamu! Bibi aliyekufa anatoka kisimani, anawaita wageni kwa majina. Asubuhi nimeisoma nikichuma kahawa, mkono mmoja tawini. Kabla debe halijajaa, nilikuwa nimeamua hatuendi. (Mwanamume wa miaka arobaini na kitu!)

Mchana ushirika wa nyumbani wa kanisa letu ulikuwa kwetu, hapa Githongo. Desturi yetu ni kuwaombea wanaosafiri. Kiongozi wetu, Mzee Mutwiri, akauliza, "Baba Kendi, tuombee nini?"

Nikaona hapo ndipo pa kutokea. "Huko kuna bibi wa kisimani," nikasema kwa sauti nzito. "Ameshachukua wageni kadhaa. Labda Mungu anatuzuia."

Wuui! Chumba kizima kikasimama. Bibi akakemewa kama pepo kwa Kiswahili, akakemewa kwa Kimeru. Chai ikapoa. Mama Kendi alikuwa analia, bahari yake inapotea hivyo. Nikaanza kuona haya, lakini watu kama hao utawasimamishaje?

Walipochoka, Mzee Mutwiri akafuta jasho. "Hao wageni walikuwa wa wapi? Tuombee na familia zao."

Nikatupia jicho kiti changu. Mama Kendi akanitazama. Akainuka, akachomoa kitabu chini ya mto wa kiti changu. Kwenye jalada, kisima. Na bibi mwenyewe.

"Baba Kendi!" akasema. "Tumekemea hadithi?"

Watu wakaanza kukohoa. Mmoja akakohoa mpaka nje.

Mzee Mutwiri akakipokea kitabu, akavaa miwani. "Mwishoni huyu bibi anashindwa?"

"Sijafika mwisho, mzee."

"Basi nitakimaliza mimi." Akakitia kwenye mfuko wa Biblia.

Mama Kendi akapangusa machozi. "Mimi naenda Lamu. Ukiogopa, baki na ng'ombe. Nitaenda na dada yangu."

Nimeshaomba msamaha. Amekubali twende wote, ila nikisikia naitwa usiku, nisimwamshe.

Tafadhali msinicheke. Nataka tu kujua mwisho wa kile kitabu. Nampigia Mzee Mutwiri tangu jioni, hashiki simu. Nadhani anasoma.