Kigoda cha Shangazi na Kopo la Vanishi

Jumatatu, 4 Machi
Mwalimu wetu wa historia ya sanaa ni kiboko! Leo kaonyesha picha ya kasri. Sisi macho kwenye nguzo. Yeye akauliza nani alibeba yale mawe, na mchana walimpa chakula gani. Nilitaka kupiga makofi, Kalamu Nne akaniwahi. Mshindani wangu huyo, wa kalamu nne mfukoni, hukaa dawati la mbele. Kazi tuliyopewa: kila mtu alete Alhamisi kitu cha nyumbani, aeleze kimepita mikononi mwa nani. Nikifeli tena somo hili, baba mdogo ananipeleka dukani kwake kuuza saruji. Saruji, mimi!

Jumanne, 5 Machi
Nimepata! Kigoda cha jikoni cha shangazi. Kizuri jamani. Pa kukalia pamebonyea kwa miaka, mguu mmoja ni wa mti mwingine kabisa. Ila kina kovu la moto katikati. Aibu! Shangazi kasafiri. Nimenunua msasa na vanishi.

Jumatano, 6 Machi
Kovu, kwisha! Mabonde, kwisha! Mguu wa kiraka nimeupaka ufanane na wenzake. Kinang'aa hadi naiona pua yangu. Kalamu Nne atakoma.

Alhamisi, 7 Machi
Kalamu Nne kaleta rula ya mbao ya baba yake, fundi cherehani. Pamelika pale dole gumba la mzee linaposhika. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili. Hata mimi machozi yakanilengalenga. Mpinzani gani huyu!

Zamu yangu. Mwalimu akauliza nani amekuwa akikikalia. Nikasema shangazi. Akauliza hilo linaonekana wapi. Nikatazama. Pua yangu tu.

Jioni shangazi karudi. Hakugomba. Alikipapasa kigoda, akauliza kovu liko wapi. Kumbe marehemu baba yangu, akiwa mdogo, alitua hapo sufuria ya uji wa kwanza aliompikia dada yake mgonjwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemwambia Mwalimu yote. Akashusha pumzi. Akasema hiyo vanishi nayo sasa ni historia. Miaka mia ijayo watu watakitazama kigoda na kuuliza nani aliyefanya hivi.

Mimi! Nimeingia kwenye historia ya sanaa!

Tena kaniruhusu kurudia Jumatatu na kitu kingine. Mungu amzidishie! Shangazi naye kanisamehe, roho yake ni dhahabu, ingawa jikoni anafunga kwa ufunguo. Si neno. Bibi ana kinu cha zamani sana, kimejaa nyufa na madoa, maskini.

Na vanishi imebaki nusu kopo.