Jamvi Lijae Kabla ya Jumamosi

Jumapili, 2 Februari

Nimepona kichefuchefu cha boti. Leo nimefungua darasa rasmi hapa kisiwani Ngumi. Alhamdulillahi, kila kitu kizuri isipokuwa wanafunzi. Hawapo.

Yupo mmoja. Tima, mjukuu wa Bi Kulthumu, mwenyeji wangu. Anakuja kwa sababu darasa liko uani kwao na hana pa kukimbilia. Amelala katikati ya Sura ya Ikhlasi. Sura ya aya nne!

Jamvi nililotoka nalo Mombasa ni pana mno. Tima kakaa ncha ile, mimi ncha hii, katikati wanapita kuku.

Sheikh Mansur wa jumuiya yetu amepiga simu kutoka Kismayu. Atakuja Jumamosi. Amesema kwa upole wake ule ule kwamba akikuta jamvi limejaa, nitabaki mwaka mzima. Akikuta halijajaa, atalikunja na kunirudisha nalo. Nyumbani kinachonisubiri ni kuuza mitandio dukani kwa mjomba, ambako kila mteja hunitaka niseme kwa sauti. Sitaki! Bibi yangu alizaliwa hapa akakimbia vita, na mimi ndiye wa kwanza kwetu kurudi. Nimekuja kusomesha Qurani, na ninapapenda. Hata kuku nawapenda.

Tatizo ni Mwalimu Dalila. Anasomesha chini ya banda la makuti karibu na msikiti. Sauti yake inafika hadi baharini. Watoto wamemjaa hadi wengine wanakaa juani.

Nimepata mpango. Mwezi ni Shaabani. Nitafunga! Watu wakiona mwalimu ni mcha Mungu, watamletea watoto wenyewe. Ila sitamwambia mtu, maana kujitangazia ibada ni riya. Watagundua wenyewe.

Nitawasaidia kidogo kugundua.

Jumatatu, 3 Februari

Nimefunga. Najisikia mwepesi kama karatasi.

Mtihani wa kwanza umekuja mchana. Mtoto mmoja kaja na sahani iliyofunikwa kawa, kasimama mlangoni, kaninyooshea bila kusema. Nimefunua. Wali wa nazi na papa mkavu. Shetani anaujua udhaifu wangu vizuri sana. Nimefunika tena, nimesema sina haja, nimemrudishia. Kanitazama kama nimempiga kofi.

Kaja mwingine. Pweza. Nimerudisha. Kaja mwingine na mkate wa mofa, bado wa moto. Nimerudisha huku nimeziba pumzi. Ukarimu wa watu hawa! Na uthabiti wangu!

Alasiri nimepita kwa Mwalimu Dalila, kwa bahati tu. Anakula huku anasomesha. Mkono mmoja umeshika kijiti cha kuonyeshea herufi, wa pili umo ndani ya sahani, na sahani nyingine mbili zinasubiri. Nimemwombea dua kimyakimya.

Jioni nimekula kwa Bi Kulthumu, kama kila siku. Sikumwambia kuwa nafuturu. Nimekula taratibu ili asishuku, lakini nadhani sahani ya tatu imenisaliti.

Jumanne, 4 Februari

Nimefunga tena. Leo nimeisaidia kazi ya kugundulika. Nimepiga miayo mara kwa mara mbele ya Bi Kulthumu. Nimeegemea nguzo. Nimelamba midomo na kutazama juu.

Kaniuliza kama naumwa. Nikasema la. Kaniuliza kama nimepakumbuka kwetu. Nikasema la. Kanigusa paji la uso, kisha kanipaka mafuta ya karafuu kichwani, kwa nguvu. Sikutegemea hilo.

Sahani imekuja moja tu, mama mwenyewe kaileta. Mwanamke mrefu, mtoto kamshika mkono. Nikasema, kwa sauti yangu ya kawaida ambayo watu husema haisikiki, kwamba nashukuru lakini sina haja. Kamvuta mtoto karibu. Kisha kasema, haya mwanangu, sisi ni watu wa kisiwani tu. Kaondoka na mtoto na sahani.

Sijui alikuwa na maana gani. Huenda ni namna yao ya kuaga.

Jumatano, 5 Februari

Hakuna sahani hata moja. Nadhani wameanza kuelewa.

Tena nina habari njema! Nimepita kisimani, wanawake wamenyamaza wote. Nilipogeuka, mmoja kasema, huyu ni mchu kweli? Mchu, yaani mtu, ndivyo wanavyosema hapa. Mwingine kajibu, mchu angekula. Huyu bila shaka ni malaika. Wakacheka.

Malaika! Baada ya siku tatu tu!

Nilitamani kumsimulia mama, lakini hiyo nayo ni riya, na mtandao haukuwepo.

Mwalimu Dalila pia alikuwepo kisimani. Kaniita abaayo, yaani dada kwa Kisomali, kisha kaniuliza kama chakula cha Ngumi hakina harufu nzuri kama chipsi za Mombasa. Nimetabasamu kwa unyenyekevu. Wivu wa walimu ni kitu kibaya. Kasema nikitaka kijiti chake kizee cha kumfundishia yule mtoto mmoja aliyelala, ataniazima. Nikatabasamu tena. Meno yalikuwa makavu, mdomo umekwama juu, na nimelazimika kuondoka hivyo hivyo.

Alhamisi, 6 Februari

Aibu. Aibu kubwa.

Nilikwenda kisimani kuteka. Ndoo ikapanda, mimi nikashuka. Nilipofumbua macho kichwa changu kilikuwa mapajani mwa mtu, na mtu huyo ni Mwalimu Dalila. Alikuwa akinipepea kwa buibui yake na kupiga kelele kwamba malaika kaanguka.

Wakanibeba hadi kwa Bi Kulthumu. Bi Kulthumu kawafukuza wote, kafunga mlango, kaniuliza mara moja tu: umefunga? Nikanong'ona ndiyo. Tangu lini? Tangu Jumatatu. Umemwambia nani? Sikumwambia mtu, Bi, nimeogopa riya.

Kaanza kucheka. Kacheka hadi kashika nguzo. Tima kaingia kuona kuna nini, naye kacheka bila kujua.

Kisha kanieleza. Hapa mtoto hapelekwi chuoni kusoma Qurani mikono mitupu. Hupelekwa na sahani. Mwalimu akila, amempokea mtoto. Sahani ikirudi imejaa, mtoto amekataliwa, na mama yake anaona haya mtaa mzima. Tima ni mwanafunzi wangu kwa kuwa kila jioni nala cha kwao. Wale wengine wote nimewakataa. Mmoja mmoja. Na yule mama mrefu nimemkatalia usoni.

Nimelia kidogo. Bi Kulthumu kasema nisilie, kilio kitanikausha zaidi. Nimefika hadi magharibi bila kufungua, na katika hilo sina majuto. Kesho sifungi, na kesho kutwa Sheikh Mansur anafika.

Kwa hiyo nahitaji mpango mpya. Tayari ninao.

Ijumaa, 7 Februari

Naandika nimelala chali. Kukaa siwezi.

Sahani haziji tena, basi nimezifuata. Baada ya sala ya Ijumaa nimekwenda nyumba kwa nyumba. Sikuweza kusema nilichofuata, nilisimama tu mlangoni. Bahati nzuri hakuna nyumba ya Ngumi inayomwacha mtu mlangoni saa ya chakula.

Nyumba ya kwanza, nyumba ya yule mama mrefu. Jina lake Bi Bushra. Alinitazama sana. Nikakaa, nikala chakula chote, nikaramba vidole. Akamwita mwanawe akamwambia, njoo umwamkie mwalimu wako. Nilitaka kumkumbatia lakini nilikuwa na samaki mkononi.

Nyumba ya pili, pweza. Ya tatu, wali. Ya nne, wali. Ya tano sikumbuki, nakumbuka tu kwamba ilikuwa na nazi nyingi. Habari zikanitangulia. Watu wakaanza kunisubiri milangoni. Watoto wakanifuata kwa mstari, wakishangilia kila tonge.

Kisha Mwalimu Dalila kaja mbio, kiatu kimoja mguuni. Kauliza nani kala sahani ya nyumba ya akina Shihab. Mimi. Kasema Shihab ni wake, kamsomesha toka akijikojolea! Mama yake Shihab kasema mwalimu kaingia mwenyewe, angemfukuza? Mwalimu Dalila kanitazama kuanzia kichwani hadi tumboni. Kasema alidhani kaletewa malaika, kumbe kaletewa pipa.

Nikavuta mtandio ukafunika tumbo. Jibu lolote lisingepata njia ya kutoka.

Jumamosi, 8 Februari

Sheikh Mansur kafika saa tatu. Jamvi lilikuwa limejaa tangu alfajiri!

Limejaa, limepitiliza. Watoto wamekaa hadi nje kwenye mchanga. Kuku wamekimbilia paani. Nusu ya watoto ni wa Mwalimu Dalila, naye kasimama mlangoni kakunja mikono.

Sheikh kaniomba nianze. Nimesimama. Macho yote yale. Nikasema Bismillahi, na tumbo langu likasema lake, kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuwa nayo. Nikakimbia.

Huko chooni nilifunga mlango. Kisha nikasikia sauti inayofika baharini ikianza Alhamdulillahi Rabbil-aalamin, na watoto wote wakaipokea, wa kwake na wa kwangu, kwa pamoja. Nilikuwa mahali pabaya pa kulilia, lakini nimelia. Ilikuwa nzuri sana.

Niliporudi, Sheikh alikuwa anafuta miwani. Kasema jamvi halikunjwi. Nitabaki. Ila kisiwa kidogo hakihitaji vyuo viwili vinavyogombea watoto. Tutasomesha pamoja, mimi na Mwalimu Dalila, jamvi moja. Nikatazama chini nikingoja anikatae.

Mwalimu Dalila kafikiri. Kasema sawa, yeye atasomesha na mimi nitakula. Watu wote wamecheka, na mimi, na ni mara ya kwanza nimecheka mbele ya watu wengi hivyo bila kujifunika mtandio. Kisha kaniambia kwa sauti ya chini, nayo sikujua anayo, kwamba wadogo nianze nao mimi, maana yeye huwaogofya.

Jumapili, 9 Februari

Siku nzuri kuliko zote. Nimesomesha alifu hadi jimu. Tima amelala, lakini sasa wamelala naye watatu, na hayo ni maendeleo.

Nimeketi kutafakari nilichojifunza wiki hii. Nimejifunza mengi sana. Sasa nawajua watu wa hapa vizuri, na naweza kusema hakuna mila yao itakayonishangaza tena.

Jioni hii Bi Bushra na mama wengine wawili wameleta leso mpya, kila mmoja yake, wakaziweka mlangoni kwangu bila maneno, wakaondoka wakiniangalia. Leso nzuri mno! Lakini mwalimu wa dini hapaswi kupenda mapambo, na wao wana mahitaji kuliko mimi. Zuhdi kwanza, kuikinai dunia.

Kesho alfajiri nitazirudisha zote, zimekunjwa vizuri, kila moja mlangoni kwake. Nitafanya kimya kimya. Watafurahi kweli!