Hati Niliyoijaza Mwenyewe Bila Wakili

Jumatatu, 4 Machi
Wakili ametaka anijazie hati. Wakili wa nini? Mimi, Virgil Stamper, niliyebishana na jaji mpaka akaomba maji! Hati ya kuachia haki ni ukurasa mmoja tu. Dada yangu Delphia akishasaini, nusu yake ya nyumba ya marehemu Mama, namba 212 barabara ya Pine Fork, inakuwa yangu. Maelezo ya kiwanja nimeyatoa kwenye karatasi ya juu kabisa ndani ya kopo la biskuti la Mama. Safu C, namba 14. Sikuisoma yote, nimenakili tu. Mwandiko safi! Delphia nimemwambia ni mambo ya bima ya paa.

Jumanne, 5 Machi
Ofisi ya kaunti. Karani, Bi Fugate, akamuuliza Delphia kama ameisoma. Delphia akacheka: "Niisome ya nini, mama? Si kaka yangu ndiye kaileta?" Akasaini. Muhuri, pa!
Kisha akanikaribisha kwake, kwenye nyumba hiyo hiyo ya Mama, alimomuuguza miaka sita. Maharage na mkate wa mahindi. Nimekula sahani tatu macho chini. Hayakushuka vizuri. Chumvi ilizidi, nadhani.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Bi Fugate kapiga simu. Safu C namba 14 ni makaburini! "Hongera, Mzee Virgil. Kaburi alilotengewa dada yako, lile kando ya mama yenu, sasa ni lako." Nikamsihi asimwambie Delphia. Wanasali kanisa moja. Alishamwambia.
Delphia hakupiga kelele. Angepiga, ningejitetea. Kasema tu: "Kaka, nyumba ungeniomba. Lakini hata pa kulala kando ya Mama?"
Nimeosha gari mara mbili. Halikuwa chafu.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu imenishinda, nimemrudishia kaburi lake. Bi Fugate kanishauri nimwone wakili. Wakili tena! Nimejaza mwenyewe: mimi, Virgil, namwachia Delphia haki yangu yote. Ile karatasi ya juu iliyoniponza sikuigusa. Nimechukua ya chini yake. Sikuisoma yote, nimenakili tu. Ilianza na 212.
Bi Fugate kaniuliza mara tatu kama nina hakika. Nikamjibu mtu kama mimi hakosei mara mbili. Muhuri, pa! Imeshaingia kitabuni.
Delphia kaisoma, kanikumbatia mpaka kofia ikaanguka, analia kama mtoto. Wanawake! Kulilia kaburi namna ile, utadhani kapewa nyumba.