Kompyuta Isiyomjua Katibu

Kamati inatangaza kwa fahari kubwa kwamba matatizo ya Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, yamekwisha. Tumepata kompyuta, na mimi, Katibu Télesphore, nimeifundisha kufikiri.

Ujuzi huo niliufuata Lilongwe, mtaa wa Area 49, kwa Jules, mtu wa Bukavu mwenzangu. Unaiandikia mambo unayoyajua, kisha kanuni, kisha unaiuliza.

"Kila kitu yenye haukuandika," Jules akaniambia, "kwake haiko."

Nilifurahi mno. Ofisi zote hufanya hivyo, ila hii inatumia umeme.

Nikaandika: anayepata posho ni mkimbizi aliyeandikwa, au mtoto wake. Mtoto ni wa yule aliyemzaa. Kisha nikafunga uandikishaji, hesabu isije ikachafuka. Siku hiyohiyo kompyuta ikawakata Shukrani na Aline, wanaolelewa na Régine, fundi cherehani wa Fizi aliyeandikwa. Mama yao mzazi aliuawa vitani.

Régine akanijia amewaka. "Secrétaire, ni batoto ya dada yangu! Batakula nini?"

"Kompyuta haijakukataa, mama. Imeshindwa tu kuthibitisha kuwa wewe ni mama yao."

"Mama mudogo njo mama! We haujue?"

Nilijua sana kwamba kwetu mama mdogo ndiye mama. Lakini kujua kwangu hakukuwa kumeandikwa, kwa hiyo nilimfukuza kwa heshima zote.

Ijumaa mkubwa wetu akaja kutoka Lilongwe kuona maajabu. Akaiuliza kompyuta, mbele ya watu, kama Katibu Télesphore anapata posho.

Hapana, ikajibu.

Sikuwa nimejiandika. Nani asiyenijua? Watu wakacheka hadi machozi. Mkubwa akaisifu mashine kwa kutopendelea mtu, akanikata posho hapohapo. Mlango wa uandikishaji nilikuwa nimeufunga mwenyewe, na mama yangu alibaki Bukavu.

Siku chache za njaa zilinipeleka kwa Régine.

"Andika mama mudogo ni mama," akasema. "Kisha andika mama yako ni dada yangu. Kanisani bote tunaitanaka dada, si uongo."

Nikaandika yote mawili. Kompyuta ikakubali bila swali.

Basi Kamati inatangaza mageuzi makubwa: Shukrani na Aline wamerudishiwa posho, nami ni mtoto wa tatu wa Régine. Nimemzidi miaka sita, lakini kanuni haikuuliza umri. Posho yetu anaichukua yeye, na nsima, ugali wa huku, anapakua yeye.

Jana niliomba niongezewe.

"Ngoja kwanza," mama akaniambia, "batoto bashibe."