Fundi Saa Aongeza Wanga

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa wakulima wa mtaa, ukumbi wa shule. Kiwanda cha wanga kitapima mihogo ya kila mtu mwisho wa mwezi. Hawataki ukubwa, wanataka wanga. Atakayefaulu atawauzia msimu mzima. Atakayeshindwa, basi, akale mwenyewe.

Mke wangu ameshatoa hukumu. Nikishindwa, shamba la nyuma ya nyumba linakuwa lake, atalilima na kaka yake. Ati amechoka na majaribio yangu. Ati hajasahau mwaka wa mbolea ya sabuni. Nimeumia sana. Dukani mteja ndiye mkubwa, nyumbani mke ndiye mkubwa. Kwenye yale matuta tu ndipo ninapoamuru na hakuna anayenijibu.

Bibi shamba alieleza vizuri. Majani hupika sukari kwa jua. Sukari hushuka kwenye shina hadi mizizini, na huko hugeuzwa wanga na kuwekwa akiba. Lakini mmea hulisha kwanza majani machanga, kinachobaki ndicho hushuka. Hapo nikaruka kitini! Kumbe majani ndiyo walafi! Ondoa walafi, chakula chote kinashuka. Nikatoka kabla hajamaliza. Mtu akishapata la maana, yanayobaki ni ya wale wazito wa kuelewa.

Jumatano, 5 Machi

Nimefyeka majani yote. Mashina yamesimama uchi. Kazi tangu alfajiri, dukani nimefika nimechelewa. Mteja mwenye saa ya ukutani akasema ni aibu fundi saa kutojua saa. Angejua ninachokitengeneza!

Shemeji, yaani huyo kaka wa mke wangu, akachungulia juu ya ua. Shamba lake limepakana na langu, na mihogo yake ina majani mpaka inakera. Mimi humwita Bwana Polepole, kimoyomoyo. Akauliza kulikoni shemeji, nzige? Nikamjibu ni utaalamu. Akaomba majani niliyoyakata, akayatandaze chini ya mihogo yake yashike unyevu. Nimempa yote. Maskini, anaokota takataka zangu. Nimemwonea huruma kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Saa haijulikani hali yake mpaka ifunguliwe. Na mhogo vilevile. Nimefukua shina moja, nikakata kipande cha mzizi. Muuza dawa aliwahi kuniambia kwamba iodini, ile dawa ya kidonda ya rangi ya kahawia, ikigusa wanga hugeuka bluu nyeusi. Nikadondosha. Nyeusi tii! Nikapiga kelele za furaha.

Fundi mzuri huhakiki. Mkate: mweusi. Kiazi cha jana: cheusi. Kola ya shati langu jeupe la sherehe, ambalo mke wangu hulitia wanga kabla ya kulipiga pasi: nyeusi kuliko vyote. Kisayansi, siku ya mafanikio makubwa. Kindoa, hapana. Mke ameficha chupa, na chakula cha jioni nimejipakulia mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Majani yamerudi! Machanga, laini, kila shina. Ukaidi mtupu! Nimeyafyeka tena, safari hii bila huruma. Kisha nimemwagilia ndoo kwa ndoo ili mizizi inenepe.

Shemeji akaniambia kwa upole kwamba yeye karibu na kuvuna hamwagilii kabisa. Nikamwambia ndiyo maana mihogo yake imekonda. Hakukasirika. Huwa hakasiriki, na hilo ndilo linalonikasirisha. Baadaye nimepapasa mzizi mmoja udongoni. Umenenepa. Karibu nina hakika.

Ijumaa, 21 Machi

Balaa! Mke amechemsha mihogo yetu. Ikachemka, ikachemka, mkaa ukaisha. Haikuiva. Ndani imeng'aa kama mshumaa, inateleza, maji matupu. Mke aliiweka sahani mbele yangu, akaniangalia nikitafuna. Afadhali angefoka.

Kama hiyo haitoshi, bibi shamba akaleta saa yake dukani. Nikamuuliza kwa niaba ya jirani yangu mmoja. Akasema huyo jirani amejimaliza mwenyewe. Mmea usio na majani hauna pa kupikia, kwa hiyo hufungua ghala. Huuvunja wanga wa mizizini, huurudisha kuwa sukari, na kuipandisha juu kujenga majani mapya. Ukikata tena, unachota tena. Mizizi inabaki na maji na nyuzi. Akaongeza kwamba haya yote aliyasema mkutanoni, mwishoni kabisa. Kisha akaniomba nimpe jirani pole zake.

Nimezipokea. Nimekaa dukani nikiwa na huzuni ya kweli, saa zote zikigonga, sina hata hamu ya kuzirekebisha. Nalipenda lile shamba. Kila mhogo niliupanda kwa mkono wangu, na kila mmoja nimeulazimisha kula akiba yake mara mbili.

Lakini ngoja kwanza. Nimepata wazo!

Jumatatu, 24 Machi

Tumevuna. Kesho mihogo inakwenda kiwandani kwa mkokoteni wa shemeji. Magunia mawili yanayofanana kabisa. Langu limefungwa kamba nyekundu, lake kamba ya kijani. Unahitaji kubadilisha kamba tu, na mihogo yake inakuwa yangu! Si wizi. Ile mihogo imekua juu ya majani yangu. Huu ni ubia, ila mwenzangu hajaarifiwa.

Shemeji mwenyewe ndiye aliyefunga magunia yote mawili. Akanihimiza niende ndani ninywe chai, kazi hiyo ataimaliza yeye. Ana wema wa kuchosha. Nimekunywa vikombe viwili.

Jumanne, 25 Machi

Uwanja wa kiwanda, foleni ndefu. Shemeji akaenda kunawa mikono. Nikabadilisha kamba haraka kuliko ninavyobadilisha betri ya saa. Hakuna aliyeniona. Mikono ya fundi hii!

Mpimaji ni dada mmoja mwenye buti za mpira na uso usiotaka mazungumzo. Anapima kapu la mihogo kwenye mzani wa kuning'iniza, kisha analizamisha ndani ya pipa la maji na kulipima tena. Wanga ni mzito kuliko maji, kwa hiyo mihogo iliyoshiba wanga inabaki na uzito wake hata ikizama. Iliyoshiba maji haina cha kuonyesha.

Akaita kamba nyekundu. Nikasogea, kifua mbele. Kapu likazama, na mshale ukarudi kulala kwenye sifuri. Dada akaugonga mzani akidhani umeharibika. Nikajitolea kuutengeneza. Mzani ulikuwa mzima. Akatangaza, kwa sauti ambayo haikuwa na sababu ya kuwa kubwa vile, kwamba hajawahi kupima maji yenye maganda. Kicheko kikaenda mpaka mwisho wa foleni. Kamba ya kijani ikafaulu, tena akaisifu.

Shemeji alikuwa ameduwaa. Akanivuta pembeni, akaniuliza kwa kunong'ona imewezekanaje. Maana jana, nilipokuwa nakunywa chai, alitia mihogo yake kwenye gunia langu na yangu kwenye lake. Yeye alifaulu msimu uliopita, na waliofaulu huruhusiwa kurudia kipimo. Hakutaka kuniona nikinyang'anywa shamba.

Nilikosa pa kuuweka uso. Nikamwambia ukweli wote, na habari ya kamba zote mbili. Akanikodolea macho. Kisha akacheka mpaka akaketi juu ya gunia akishika mbavu. Na mimi nikacheka. Mtu mwema namna ile, na mimi namwita Bwana Polepole! Nimemsaidia kusukuma mkokoteni mpaka nyumbani, hata pale kwenye mlima.

Alhamisi, 27 Machi

Shamba limekwenda. Mke hakunisimanga. Ameniachia tuta moja la viazi vitamu karibu na ukuta, kwa masharti: nisikate, nisifukue, nisimwagilie, nisiguse chochote. Nikaapa mbele yake na mbele ya shemeji. Nikawaeleza kwamba sasa nimeelewa. Majani ndiyo jiko, jua ndilo moto, na wanga hujijenga taratibu, siku hadi siku, ukiachwa kwa amani. Mke alifurahi mpaka akanishika bega. Shemeji akasema kwa dhati kwamba ameona mtu mpya.

Nimekwenda kuliangalia tuta langu. Mikono nyuma, kama nilivyoahidi. Majani yamependeza, ila nimegundua kasoro moja ndogo. Ukuta unayatia kivuli, jua linafika adhuhuri tu. Sasa, kama jua ndilo moto, basi jua mara mbili ni wanga mara mbili. Hata bibi shamba hawezi kubisha.

Mlango wa kabati la mke wangu una kioo kirefu, kimeshikwa na skrubu nne za kawaida kabisa. Nikikisimamisha upande wa pili, kitalirudisha jua lote kwenye majani. Hatakihitaji mpaka Jumapili. Na sitagusa hata jani moja! Nimeapa, na mimi nikiapa nimeapa.